Kurasa binafsi zilizogoma baada ya seva kuhamishwa: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika idara ya chuo kimoja cha Afrika Mashariki. Jina la chuo, majina ya watumiaji na anwani zote vimeondolewa, na baadhi ya majina ya saraka yamebadilishwa. Mpangilio wa matukio na ujumbe wa makosa vimeachwa jinsi vilivyokuwa, kwa kuwa ndivyo vyenye mafunzo.

Idara ilikuwa na seva moja iliyowapa wahadhiri na wanafunzi kurasa binafsi. Mtumiaji aliweka mafaili yake katika saraka iitwayo public_html ndani ya saraka yake ya nyumbani, nayo yakaonekana kwenye intaneti kupitia anwani yenye alama ya ~ ikifuatiwa na jina lake la kuingilia. Utaratibu huu ni wa zamani. Apache, programu ya seva ya wavuti iliyoanza mwaka 1995, iliurithi kutoka kwa seva ya NCSA, na hadi leo kazi hiyo hufanywa na moduli iitwayo mod_userdir. Wahadhiri waliutumia kuweka maelezo ya masomo na orodha za machapisho yao. Wanafunzi waliutumia kuwasilisha mazoezi ya HTML.

Seva ya zamani ilikuwa na CentOS 6 (mfumo wa Linux wa familia ya Red Hat), Apache 2.2 na PHP 5.3 (lugha ya skripti zinazoendeshwa na seva). Mfumo huo ulifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Novemba 2020, na idara ikaamua kuhamia toleo la 8 la mifumo ya familia ya Red Hat, lenye Apache 2.4 na PHP 7.2 inayoendeshwa kupitia PHP-FPM, yaani katika michakato iliyo nje ya Apache. Katika seva ya zamani SELinux, ulinzi wa Linux unaoweka lebo kwenye michakato na mafaili na kuamua kwa lebo hizo nani afikie nini, ilikuwa imezimwa tangu siku ya kusimikwa, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeizima wala kwa nini. Katika seva mpya iliachwa imewashwa, kama inavyokuja yenyewe.

Mambo mengine matatu yalifanyika wakati wa kuhama, na kila moja lilikuja kudai gharama yake. Akaunti ziliundwa upya kwa skripti iliyotumia useradd, badala ya kunakiliwa pamoja na ruhusa zake. Wanafunzi walitengewa diski yao iliyopachikwa /home/wanafunzi, ili nafasi wanayotumia isiwabane wahadhiri waliobaki moja kwa moja chini ya /home. Tatu, mafaili ya watumiaji yalifungashwa kwa tar, yakafunguliwa ndani ya saraka ya muda chini ya /root, kisha yakapelekwa kwa wenyewe kwa amri ya mv.

Mfuatano wa matukio

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya aina moja: tovuti kuu ya idara ilifunguka vizuri, lakini kila ukurasa binafsi ulijibu 404 (haupatikani). Fundi aliyekuwa zamu alifungua /etc/httpd/conf.d/userdir.conf, akaona mstari wa UserDir public_html umewekewa alama ya maoni, akaiondoa na kuwasha seva upya. Jibu likabaki 404. Akafungua kumbukumbu za makosa akakuta hazina neno lolote kuhusu kurasa hizo, akahitimisha kwamba mafaili hayakuhamishwa kikamilifu, na muda mrefu ukaishia katika kulinganisha saraka za seva mpya na nakala rudufu.

Mafaili yote yalikuwepo. Katika mifumo ya familia ya Red Hat faili hilo la mipangilio huja na mstari mwingine, UserDir disabled, ulio juu ya ule alioufungua. Mstari huo usipotaja jina la mtumiaji yeyote, huzima huduma kwa watumiaji wote, na kuongeza UserDir public_html chini yake hakuufuti. Seva hujua mafaili yangekaa wapi lakini haina ruhusa ya kwenda huko. Ukimya wa kumbukumbu nao haukuwa na ajabu. Faili lisipopatikana, Apache 2.4 huandika habari hiyo kwa kiwango cha info, ambacho hakionekani katika mipangilio ya kawaida ya warn. Kosa lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu za maombi, ambako hakutazama.

Mstari ulipoondolewa, 404 ikawa 403 (umekatazwa). Hiyo ilikuwa hatua mbele, ingawa kwa watumiaji ilionekana kama kosa moja limebadilishana zamu na jingine. Safari hii kumbukumbu zilisema:

(13)Permission denied: AH00035: access to /~mhadhiri/ denied (filesystem path '/home/mhadhiri/public_html') because search permissions are missing on a component of the path

Maana yake ni kwamba mchakato wa seva, unaoendeshwa na mtumiaji aitwaye apache, ulishindwa kupita katika mojawapo ya saraka zilizo njiani. Amri ya namei -l /home/mhadhiri/public_html/index.html ilionyesha mara moja kwamba saraka ya nyumbani ilikuwa na ruhusa 700, zinazomruhusu mwenyewe peke yake. Hivyo ndivyo useradd inavyoziunda katika mifumo hiyo. Kwenye seva ya zamani saraka hizo zilikuwa 711, zinazowaruhusu wengine kupita tu, lakini tar ilifungasha kilichomo ndani ya kila saraka na si saraka yenyewe, kwa hiyo ruhusa ya ngazi ya juu haikusafiri.

Kwa bahati mbaya namei haikuwa amri ya kwanza kuendeshwa. Ya kwanza ilikuwa chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, kwenye saraka yote ya nyumbani ya mhadhiri mmoja aliyekuwa akipiga simu kila baada ya muda mfupi. Ukurasa wake haukufunguka. Kilichotokea ni kwamba mhadhiri huyo alishindwa pia kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH kwa kutumia ufunguo wake, kwa sababu sshd, programu inayopokea miunganisho hiyo, kwa mipangilio yake ya kawaida ya StrictModes, hukataa ufunguo wa mtu ambaye saraka yake ya nyumbani au faili lake la authorized_keys linaweza kuandikwa na wengine. Malalamiko yakawa mawili.

Hapo msimamizi wa mifumo aliingilia kati na kuagiza kwamba pasibadilishwe kitu chochote kabla ya kuandikwa chini hali ilivyo. Ruhusa za asili za mafaili ya mhadhiri yule zilirejeshwa kwa kusoma orodha ya tar -tvf katika nakala rudufu, kazi ya kuchosha lakini iliyokamilika. Kisha akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo: ikiwa ruhusa za 777 hazikufungua ukurasa, nani mwingine anayekataa?

Amri ya getenforce ilijibu Enforcing. SELinux ikawekwa katika hali ya kuangalia tu, kwa setenforce 0, na ukurasa wa mhadhiri aliyekuwa na ruhusa sahihi ukafunguka papo hapo. Ikarudishwa kwa setenforce 1 na ukurasa ukafungwa. Jaribio lilikwisha hapo. Amri ya ausearch -m AVC -ts recent ilitoa mstari ulioonyesha kwamba mchakato wenye lebo httpd_t, ambayo ni ya Apache (httpd), ulizuiwa kufanya getattr, yaani kusoma sifa, kwenye public_html yenye lebo admin_home_t.

Lebo hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshangaza kila mtu, kwa sababu ni lebo ya vitu vya /root. Maelezo yake yako katika mv. Amri hiyo huhamisha faili pamoja na lebo yake ya SELinux, tofauti na cp ya kawaida ambayo huliacha faili jipya lichukue lebo ya mahali linapowekwa. Kila public_html iliyopita chini ya /root ilifika kwa mwenyewe ikiwa bado na lebo ya saraka ya msimamizi mkuu. Marekebisho yalikuwa mawili: kuruhusu seva kuingia katika saraka za nyumbani kwa setsebool -P httpd_enable_homedirs on, na kurudisha lebo sahihi kwa restorecon -R -v, ambayo iliipa public_html na vilivyomo lebo ya httpd_user_content_t. Kurasa za wahadhiri zikafunguka zote, na taarifa ikatumwa kwamba tatizo limekwisha.

Kwa wanafunzi halikuwa limekwisha. Kurasa zao ziliendelea kujibu 403, na mhudumu wa dawati la msaada, kwa kuwa namba ilikuwa ileile, aliwajibu wasubiri kivinjari kisahau kurasa za zamani. Kumbukumbu, hata hivyo, zilikuwa zimebadilika:

AH01630: client denied by server configuration: /home/wanafunzi/…/public_html/

Huu si ujumbe wa mfumo wa uendeshaji hata kidogo. Ni Apache yenyewe inayokataa, kwa kufuata mipangilio yake. Mizizi ya mfumo mzima hufungwa kwa Require all denied, kisha sehemu zinazotakiwa hufunguliwa moja moja, na faili la userdir.conf hufungua "/home/*/public_html". Alama ya nyota katika kifungu cha Directory haivuki mkwaju. Inakubali /home/mhadhiri/public_html, ila /home/wanafunzi/mwanafunzi/public_html ina ngazi moja zaidi, na kwa hiyo haikuwahi kuguswa na kifungu hicho. Kifungu cha pili chenye "/home/wanafunzi/*/public_html" kiliongezwa.

Jibu likabaki 403, safari hii kwa AH00035 tena. Wakati huu fundi hakubahatisha. Aliendesha getfacl kuthibitisha ruhusa za njia, akakuta ziko sawa, kisha akaangalia lebo kwa ls -Z na kuona user_home_t mahali palipotakiwa httpd_user_content_t. Sera ya SELinux nayo ilihesabu ngazi kama Apache ilivyofanya: kwake, /home/wanafunzi ilikuwa saraka ya mtumiaji mmoja aitwaye wanafunzi, na vyote vilivyo chini yake vilikuwa mafaili ya kawaida ya mtu huyo asiyekuwepo. Restorecon ilikuwa imetii sera hiyo kwa uaminifu. Dawa ilikuwa kuifahamisha sera kwamba mahali hapo ni sawa na /home, kwa semanage fcontext -a -e /home /home/wanafunzi, kisha restorecon ikaendeshwa tena.

Zilibaki kurasa chache zilizojibu 500 (hitilafu ndani ya seva). Hizo zilikuwa na mafaili ya .htaccess (mipangilio ya Apache ya saraka husika) yenye mistari ya php_value, ambayo huendana na PHP iliyopachikwa ndani ya Apache. Chini ya PHP-FPM, Apache haiifahamu amri hiyo na hukataa saraka nzima. Mipangilio ilihamishiwa katika mafaili ya .user.ini. PHP husoma upya mafaili hayo kila baada ya sekunde 300 kwa kawaida, jambo lililomfanya mhadhiri mmoja abadilishe thamani ileile mara kadhaa akidhani haipokewi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliozua mjadala mrefu zaidi ulihusu SELinux. Baada ya setenforce 0 kufungua kurasa, mafundi wawili walipendekeza izimwe kabisa, kama ilivyokuwa kwenye seva ya zamani. Msimamizi alikataa kwa sababu ambayo naiona kuwa na nguvu: seva hiyo huendesha PHP iliyoandikwa na watu wengi wasiohakikiwa na yeyote, na skripti moja yenye kasoro ikivamiwa, SELinux ndiyo inayoizuia kuzurura nje ya mipaka ya httpd. Aidha, chanzo kilikuwa kimeshajulikana, na marekebisho yake yalikuwa amri mbili.

Uamuzi wa pili ulihusu ruhusa za saraka za nyumbani. Desturi, ambayo hata maoni yaliyomo katika userdir.conf huielekeza, ni 711 kwa saraka ya nyumbani na 755 kwa public_html. Ruhusa ya 711 humzuia mtu mwingine kuorodhesha yaliyomo, lakini anayelijua jina la faili lililo wazi anaweza kulifikia, na wanafunzi wa darasa moja huyajua majina ya mafaili ya wenzao kwa kuwa zoezi ni moja. Msimamizi alichagua kubaki na 700 na kumpa mtumiaji apache peke yake ruhusa ya kupita, kwa ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada za mtumiaji mmoja mmoja, iliyowekwa kwa setfacl -m u:apache:x.

Uamuzi wa tatu ulitokana na majina ya kuingilia ya wanafunzi, ambayo ni namba zao za usajili. Kwa kuwa namba hizo hufuatana, mtu wa nje angeweza kuzijaribu moja baada ya nyingine na kutambua zilizo hai, kwa sababu akaunti iliyopo hujibu 403 na isiyokuwepo hujibu 404. Udhaifu huu ulisajiliwa zamani katika orodha ya wazi ya udhaifu wa programu kama CVE-2001-1013, na ndio unaotajwa katika maoni ya userdir.conf kuwa sababu ya huduma kuja ikiwa imezimwa. Idara ilirudisha mstari wa UserDir disabled, safari hii kwa makusudi, ikauongezea UserDir enabled wenye majina ya walioomba ukurasa. Wengine wote, wawe wapo au hawapo, sasa hujibu 404.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuwaondolea wanafunzi PHP na kuwaachia kurasa tuli. PHP-FPM iliendeshwa na apache kwa watumiaji wote, na hivyo skripti ya mwanafunzi mmoja ingeweza kusoma mafaili ya mipangilio ya mwingine, pamoja na nywila ya hifadhidata, hata kama ACL zimepangwa vizuri kiasi gani. Kumpa kila mtumiaji kundi lake la michakato kungeondoa hatari hiyo, lakini RAM ya mashine haikutosha. Mifumo ya familia ya Debian huzima PHP katika saraka za watumiaji tangu mwanzo, na nadhani hiyo ndiyo hali inayofaa kuanzia popote.

Matokeo

Kurasa za wahadhiri zilirudi hewani siku ileile ya kazi. Za wanafunzi zilichukua hadi siku iliyofuata. SELinux ilibaki imewashwa. Mwanafunzi mmoja aliyeendelea kupata kosa alikuwa na faili lililoitwa Index.HTML, lililofanya kazi kwenye kompyuta yake ya Windows na ambalo seva ya Linux hailitambui kama index.html.

Uchambuzi

Ugumu wa kisa hiki haukuwa katika kasoro yoyote iliyotajwa, kwani kila moja, ikichukuliwa peke yake, hutatuliwa kwa dakika chache. Ugumu ulikuwa kwamba kasoro zilipangana, na kuondoa moja kulifichua nyingine yenye sura ileile. Mtumiaji aliona 403 ya ruhusa za saraka, ya lebo za SELinux na ya kifungu cha Directory kama kitu kimoja kisichobadilika, na mafundi nao waliona hivyo kwa muda mrefu kwa sababu walipima kwa kivinjari. Aliyetazama msimbo wa kosa katika kumbukumbu angeona maendeleo: AH00035, kisha AH01630, kisha AH00035 mahali pengine. Kuna hata 403 ya nne ambayo haikujitokeza hapa, AH01276, ambayo hutokea pale saraka inapokosa faili la kwanza na kuorodhesha yaliyomo kumekatazwa.

Ujumbe wa AH00035 unastahili kulaumiwa kidogo. Unasema kwa uhakika kwamba ruhusa za kupita zimekosekana, ilhali Apache inachojua ni kwamba kiini cha mfumo kimekataa ombi lake. Kukataa huko kukitoka kwa ruhusa za kawaida au kwa SELinux, seva hupokea jibu moja na huandika sentensi moja. Ndiyo maana fundi aliyeusoma neno kwa neno alikimbilia chmod. Ufumbuzi wa kutofautisha ni kuuliza pande zote mbili: namei na getfacl kwa ruhusa, ausearch na ls -Z kwa lebo. Na ausearch ikinyamaza, haimaanishi kwamba SELinux haihusiki, kwa kuwa sera ina kanuni za kuficha baadhi ya makatazo; semodule -DB huziondoa kwa muda na semodule -B huzirudisha.

Jaribio la 777 lilikuwa na madhara, lakini lilitoa pia ushahidi bora kuliko mengine yote ya siku ile, na ushahidi huo haukusomwa. Ruhusa zikifunguliwa zote na kosa likabaki, basi ruhusa za kawaida zimeondoka katika orodha ya watuhumiwa. Ushahidi huohuo ungepatikana bila kumharibia mtu yeyote, kwa kuunda akaunti ya majaribio. Vivyo hivyo setenforce 0 ilitumika vizuri kwa sababu ilidumu kwa muda wa ombi moja tu. Kama ingeachwa mpaka jioni, kazi ya wanafunzi ingeonekana imekamilika na hitilafu ya /home/wanafunzi ingesubiri kuwashwa upya kwa mashine.

Kutangaza kwamba tatizo limekwisha baada ya kupima kurasa za wahadhiri peke yake kulikuwa kosa la mbinu. Seva ilikuwa na njia mbili tofauti za saraka za nyumbani, na kipimo kilihitaji akaunti moja kutoka kila njia, kwa curl -I ikiendeshwa kwenye seva yenyewe ili kivinjari kisiingize habari za zamani.

Matumizi ya ACL yalifanikiwa kwa faragha lakini yalileta mtego uliojitokeza wiki kadhaa baadaye. Wanafunzi wawili, kwa kufuata ushauri wa mwongozo wa SSH, waliendesha chmod 700 kwenye saraka zao za nyumbani, na kurasa zao zikatoweka. Kwa mtazamo wao hawakubadilisha chochote, kwa kuwa saraka ilikuwa 700 tangu awali. Ukweli ni kwamba baada ya setfacl, tarakimu ya kati haiwakilishi tena ruhusa za kundi bali kikomo cha ACL zote. Saraka ilisomeka drwx--x---+, na chmod 700 ikakishusha kikomo hicho hadi sifuri. Ingizo la apache lilibaki limeandikwa, lakini getfacl ilionyesha pembeni yake #effective:---. Idara ilichagua kutobadili mpangilio. Iliongeza kazi ya usiku inayorudisha ingizo hilo kwa wale tu waliomo katika orodha ya UserDir enabled, na mwanafunzi anayetaka kweli kuufunga ukurasa wake huomba jina lake liondolewe katika orodha hiyo.